Sindano Haifunguzi

Alhamisi, 6 Machi

Miguu imevimba tena. Nimebonyeza juu ya kifundo, shimo limebaki. Nimekunywa dawa ya kukojoa, nimekaa barazani miguu juu ya kigoda. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Pipa chini ya michirizi limejaa mpaka linafurika. Bomba halijatoa maji wiki nzima, kwa hiyo silalamiki.

Wamekuja wawili kuchomwa sindano. Mzee wa nyumba ya kona, mgongo. Mama muuza vitumbua, nyonga. Sitozi kitu. Wanasema nina mkono mwepesi. Uuguzi nilistaafu zamani, mkono haujastaafu. Moyo ndio umestaafu.

Redio imeanza tena na dengue. Wodi zimejaa. Mwenye homa asipewe dawa yoyote ya maumivu ila parasetamoli, mpaka apimwe. Nimezima. Nilianza kutibu homa katika mkoa huu kabla hao wasemaji hawajazaliwa.

Mwanaidi amerudi mapema kutoka shuleni. Huyu ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, mwalimu wa darasa la tatu, kwao Masasi. Hapa Songea hana ndugu. Ananiita bibi, nami nimezoea. Macho yalikuwa mekundu. Anasema kichwa kinauma nyuma ya macho, kama kuna mtu anayasukuma kwa ndani. Mifupa yote inauma. Alipita zahanati akapimwa malaria, hana. Nimemwambia vipimo hivyo vya haraka vinadanganya.

Nilimpa parasetamoli, akakataa. Amefunga. Tangu mwezi uandame hajakosa hata siku moja na hataki kukosa. Aliona haya kidogo kunieleza mimi Mkristo. Kidonge kinafunguza, alisema. Sindano ya nyama haifunguzi, ndivyo walivyofundishwa madrasa.

"Basi nikuchome, tusigombane na Mungu wako."

Alicheka, akajishika kichwa. Ndani ya kisanduku changu nilikuwa na diklofenaki, dawa kali ya maumivu. Nimemchoma. "Bibi, mbona sijasikia kitu?" Ndiyo maneno aliyosema. Nimefurahi kama mtoto aliyesifiwa.

Ijumaa, 7 Machi

Amekwenda kazini. Asubuhi homa ilikuwa imepoa. Alinipungia mkono kutoka langoni, akanitania nifungue duka la sindano.

Jioni amerudi amebebwa na bodaboda. Homa juu sana. Nimempikia futari ya mihogo kwa nazi. Ametapika yote, na maji aliyofungulia pia. Nyumba ya wafungaji: yeye Ramadhani, mimi Kwaresima, chungu kimelala kimejaa.

Nilimwambia kesho asifunge. Akasema ataona. Nilimwambia apige simu kwa mama yake. Akasema mama atapanda basi usiku huo huo kwa wasiwasi, asisumbuliwe. Sikubishana.

Nimemchoma tena.

Jumamosi, 8 Machi

Mimi pia.

Imeanza kwa baridi. Kisha mgongo, magoti, vidole. Nimeshindwa kufika chooni bila kushika ukuta. Marehemu mume wangu alifanya kazi pwani ujana wake, aliwahi kunisimulia homa waliyoiita kidingapopo, inayomfanya mtu atembee kama amevunjwavunjwa. Nilidhani anatia chumvi.

Kama ninayo mimi na anayo yeye, hii si malaria. Nimelijua hilo saa hiyo hiyo, kitandani.

Na hili niliandike hapa kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwandikia. Mimi sikujichoma. Kisanduku kilikuwa karibu na mkono wangu. Nimemeza parasetamoli. Nimejiambia ni kwa sababu ya moyo, diklofenaki haipatani na moyo wangu. Ni kweli. Lakini si kweli yote. Ile redio nilikuwa nimeisikia vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Hospitali. Mama muuza vitumbua ametuleta kwa bajaji, Mwanaidi ameniegemea mimi na mimi nimeegemea chuma.

Wodi ya wanawake. Vitanda vimejaa, wengine wako chini kwenye magodoro. Vyandarua vimeshushwa mchana kweupe, kwa sababu mbu wa ugonjwa huu anauma mchana. Miaka yote niliwafundisha watu kushusha chandarua jua likizama.

Muuguzi mkuu wa wodi ni Felista. Nilimfundisha mimi. Alikuwa mwoga wa damu, nikamtoa woga. Amekuja mbio, "Shikamoo sista," akainama mpaka chini. Akawaambia wasichana wake, huyu ndiye mwalimu wetu, ninyi mnaochoma watu kama mnapanda miche mje mjifunze. Wamecheka. Nami nimecheka. Tumepewa vitanda viwili vinavyopakana, dirishani. Watu waliokuwa chini wametuangalia.

Daktari ni kijana, Dokta Lameki, Msukuma, anaongea polepole. Amemfunga Mwanaidi mkanda wa kipimo cha presha, akaujaza upepo, akauacha kwanza, kisha akaufungua. Chini ya kiwiko ngozi ilikuwa imetoa vidoa vyekundu kama ulezi uliomwagika. Akavitazama kwa muda. Kipimo cha damu pia kimesema ni dengue. Mimi pia.

Halafu akauliza. "Mwalimu, kabla ya kuja umetumia dawa gani? Umechomwa sindano yoyote?"

Mwanaidi aligeuza macho kwangu. Felista alikuwa amesimama hapo na daftari lake, na wasichana wake nyuma.

"Panadoli tu, dokta."

Daktari akanigeukia mimi. "Na wewe bibi?"

"Parasetamoli," nikasema. Ni kweli. Akapita kitanda kinachofuata.

Baadaye nilimwuliza Mwanaidi kwa sauti ndogo, kwa nini. Alisema, "Wanakuheshimu hapa, bibi. Nitaanzaje kukuaibisha mbele ya watoto wako?"

Nilipaswa kumwita daktari arudi. Sauti nilikuwa nayo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeitazama wodi kwa macho ya zamani. Kazi haitoki mwilini.

Wote wanashika kichwa. Wote wanalia viungo. Wengi wanatapika. Kuna binti ana upele mwili mzima, mwekundu, na katikati ya wekundu visiwa vyeupe. Anajikuna viganja mpaka amefungwa vitambaa. Mama wa kitanda cha mlangoni amepata hedhi isiyo ya mwezi wake, nzito. Mwingine mkojo umekuwa kahawia. Hakuna dawa ya ugonjwa wenyewe. Maji ya mshipani, parasetamoli, kupima damu, kupima tena, na kukaa macho. Wanaita chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Zikishuka, mtu anaweza kuvuja popote.

Na diklofenaki inazifunga mikono hizo chembe chache zinazobaki. Hilo sikulisikia redioni. Nililijua darasani, nikalifundisha.

Mwanaidi bado anachemka. Hataki kuniangalia sana, kwa heshima, nadhani. Felista ameniletea mto wake wa nyumbani. Nimeulalia. Nimejisemea, asubuhi nitasema.

Jumanne, 11 Machi

Sijasema. Homa yake imeshuka.

Imeshuka yenyewe alfajiri, ngozi ikawa ya kawaida. Ameketi, amekunywa chai, amenitania kwamba miguu yangu imekuwa ya tembo mwenye cheo. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nilijiambia, unaona, hakukuwa na haja. Katika malaria homa ikishuka mtu amevuka mto. Nilifanya kazi maisha yangu yote kwa kanuni hiyo. Nikamwambia Felista wampe mtoto ruhusa, kitanda kipate mwingine.

Dokta Lameki hakufurahi. Alikuja, akamshika vidole vya mkono, akamshika vidole vya mguu. Akamwambia Felista apimwe mara kwa mara kuliko jana. Akaniambia mimi kwa adabu sana, "Bibi, ugonjwa huu una ujanja. Homa ikishuka ndipo tunaanza kuogopa."

Nimeona haya. Kisha nimeogopa.

Mama yake amefika adhuhuri kwa basi la Masasi. Walimu wenzake ndio waliompigia. Mwanamke mwembamba, mrefu, ushungi wa kijivu, mkononi kikapu cha korosho. Amemkumbatia mwanaye, kisha amekuja kitandani kwangu, akanishika mikono yote miwili. "Shikamoo mama. Mwanangu kila simu bibi, bibi. Umenilelea. Mungu akulipe."

Nilijibu marahaba.

Jioni Mwanaidi ameanza kulalamika tumbo. Juu, chini ya mbavu. Alipotema mate yalikuwa na damu.

Jumatano, 12 Machi

Usiku kucha ametapika. Asubuhi matapishi yalikuwa meusi kama machicha ya kahawa. Vidole baridi. Mapigo mepesi, yanakimbia. Sehemu ya kila sindano waliyomtoa damu imekuwa doa la zambarau. Nimejikokota kutoka kitandani mwangu, nimemgeuza ubavu, nimetazama mahali nilipomchoma mimi. Pande zote mbili. Uvimbe mweusi, mpana kama kiganja. Felista naye aliuona. Akaniangalia.

Hakuniuliza. Nimesema mwenyewe, mbele yake na mbele ya daktari. Dawa gani, kiasi gani, lini. Nimeeleza na sababu, kwamba alikuwa amefunga, na sindano haifunguzi. Maneno yalipotoka yalisikika kama ya mtoto aliyevunja chungu.

Dokta Lameki hakunikemea. Aliandika, akaondoka haraka, akaagiza damu. Alirudi baadaye, akakaa pembeni ya kitanda changu. "Bibi, huenda ingetokea hata bila sindano. Wako waliochomwa wakapona. Wako ambao hawakuguswa na sindano na tumewazika. Sitaweza kukuambia ni ipi. Ningejua Jumapili ningemchunga kwa namna nyingine. Hilo tu naweza kukuambia."

Hilo tu. Linatosha.

Mama Mwanaidi alikuwa ametoka kwenda kuswali. Hakusikia. Daktari alisema siri ya mgonjwa yeye haitangazi, na ya kwangu ni yangu.

Mama huyo amerudi, amemfuta mwanaye uso, na wakati wauguzi wanamhangaikia amenigeukia mimi, amenifuta miguu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Amefunga, midomo imemkauka. Ananiosha miguu. Nilitaka kuivuta, haikuvutika.

Felista leo hakuniita sista. Ameniita bibi, kama anavyowaita wagonjwa wengine.

Alhamisi, 13 Machi

Mwanaidi amefariki asubuhi. Alizikwa baada ya alasiri, hapa hapa mjini. Wamesema maiti haisubirishwi, na barabara ya Masasi na mvua hizi.

Sikuweza kwenda.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka nikatazama kitanda chake kabla sijakumbuka. Shuka jipya.

Mimi homa imekwisha, kilichobaki ni moyo. Kwa dengue mtu anahitaji maji, kwa moyo wangu maji ni sumu. Wananitilia kidogo, wanasikiliza mapafu, wanatoa, wanatilia tena. Nasikia mchakacho chini ya mbavu zangu kama maharage yanayochemka mbali. Najua sauti hiyo. Niliwasikilizia wengi.

Bosko, mwanangu, amepiga simu kutoka Dodoma. Anaomba ruhusa kazini. Nimemwambia asikimbie. Nimemwambia pia nikifa nipelekwe Mpitimbi kwa baba yake, na yale makopo ya maua barazani yamwagwe maji, na pipa lifunikwe. Alidhani naweweseka.

Njia ya Msalaba wodini. Padre alipita akaungamisha wanaotaka. Nilimwambia yote, na kile kisanduku, na ile redio, na Jumapili ile niliponyamaza. Alinisikiliza vizuri. Ni kijana, ana jasho la mikono. Alinipa kitubio cha sala chache, kwa ajili ya udhaifu wa mwili wangu, akaniondolea dhambi, akanipaka mafuta. Nilisubiri aseme jambo zito zaidi. Aliondoka kwenda kwa mwingine.

Padre ameniondolea. Lakini Padre hakumzaa Mwanaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Mama Mwanaidi na kaka yake aliyekuja kwa mazishi wamefikia nyumbani kwangu, Lizaboni, chumba cha uani. Msiba uko uani kwangu. Wanawake wa msikitini na wa jumuiya yetu wanapika pamoja kwenye mafiga yangu, nimeambiwa. Jana na leo asubuhi mama muuza vitumbua ameniletea chupa ya uji. Uji wa mchele, mwepesi, chumvi kidogo sana. Nilidhani ni wake. Leo nimeusifu, akasema, "Siyo wangu. Ni mfiwa ndiye anaupika. Anaamka kula daku, anakupikia, halafu ndiyo anaswali."

Nimeshindwa kumeza. Kisha nimemeza, kwa sababu kuurudisha kungekuwa kusema.

Ninajijua. Kama atapanda basi kurudi Masasi bila kusikia kutoka kwangu, nitakufa nikiwa nimekunywa uji wake. Hakuna anayeweza kumwambia isipokuwa mimi. Daktari hatasema. Felista hatasema, kwa ajili ya zamani. Ni rahisi kabisa. Nikilala tu, jambo limekwisha.

Naogopa. Mwanamke mzima niliyewafumba wafu macho nikiwa peke yangu zamu ya usiku. Naogopa uso wa mtu mmoja.

Jumapili, 16 Machi

Amekuja mwenyewe, baada ya misa ya wodi. Wamemaliza matanga. Alikuwa na chupa ya uji na furushi la nguo za Mwanaidi. Kaka yake alisubiri mlangoni. Aliketi kwenye kile kigoda cha wauguzi, akapanga ushungi wake, akazungumza kama mtu aliyetumwa.

"Mama, nimekuja kuaga. Keshokutwa tunaondoka. Kwetu mtu akifa tunawaendea aliokaa nao. Mwanangu alilala chini ya bati lako. Kama alikukosea kwa neno au kwa tendo, nakuomba kwa niaba yake umsamehe. Kama aliacha deni lolote, niambie nisimwachie mzigo huko aliko."

Desturi yao. Nimeisikia kwenye mazishi ya majirani, mara nyingi, nikiwa nimesimama nyuma. Haijawahi kuniuliza mimi.

Nilisema hakuwa na deni. Nilisema hakunikosea hata siku moja. Pumzi ikakatika, nikasubiri irudi. Angeweza kuondoka hapo. Alishaanza kushukuru. Nilimshika mkono.

Nimemwambia. Homa ya kwanza. Amefunga, hataki kidonge. Sindano yangu, na ya pili. Dawa ambayo nilikuwa nimeonywa. Daktari alipouliza, mwanao alisema panadoli tu ili nisiaibike, na mimi nilinyamaza, nikanyamaza na kesho yake, na kesho yake. Nikamwambia na alichosema daktari, kwamba hakuna ajuaye kama ndiyo iliyomwua. Nilisema sitaki hilo lisimame badala yangu.

Mkono wake haukuondoka kwenye wangu, lakini ulilala kama kitu alichokisahau.

Mgonjwa wa pembeni aliacha kutafuna.

"Alilia? Ulipomchoma?"

"Hapana. Alisema hakusikia kitu."

Akatikisa kichwa polepole. "Alikuwa mwoga wa sindano toka mdogo. Tulikuwa tunamshika watu watatu." Halafu, "Mgonjwa ana ruhusa ya kula, mama. Mungu mwenyewe kampa. Angemeza vidonge vyake, siku akazilipa baadaye. Ningemwambia. Angenisikiliza mimi. Hukunipigia."

"Sikukupigia."

"Ulikuwa unamtunzia saumu yake." Hakulisema kwa dhihaka. Alikuwa anajaribu kulielewa.

"Ndiyo. Na sifa zangu."

Kaka yake alikohoa mlangoni. Mama Mwanaidi alisimama, akafunga furushi upya ingawa lilikuwa limefungwa. Nilimwambia nisamehe. Nililisema vibaya, kwa haraka, kama mtu anayekimbiza basi.

Alinitazama. "Mama, mimi nilikuja kuomba msamaha. Kutoa sikujiandaa."

Akaondoka. Chupa ya uji aliisahau kitandani. Sijaigusa.

Jumatatu, 17 Machi

Uji haukuja.

Mvua. Mapafu yamejaa zaidi. Felista amenikalisha kwa mito minne, mmoja ni ule wake. Alipomaliza alinichana nywele, ambayo si kazi yake.

Nilidhani nikisema nitapumua. Sipumui vizuri zaidi. Lakini sijifichi tena mtu akipita mlangoni.

Jumanne, 18 Machi

Basi la Masasi limeondoka alfajiri. Nimeisikia honi yake kutoka huku, au nimejidanganya.

Kitanda cha Mwanaidi kimepata mtu. Binti kutoka Mpitimbi, kijijini kwetu, ameletwa na shangazi yake. Macho mekundu, anashika kiuno. Dokta Lameki amemfunga mkanda, vidoa vimetoka. Akauliza swali lake.

"Panadoli tu," binti akasema, na macho yakaenda kwa shangazi.

Niliyaona macho hayo. Nayafahamu.

Daktari alipopita nilimwita shangazi. Nilizungumza naye Kingoni, taratibu, kwa sababu pumzi ni chache. Nilimwuliza kwao ni upande gani, tukagundua kwamba babu zake walimjua baba yangu. Kisha nikamwambia kitanda hiki alilala nani kabla, na nani alimchoma, na jinsi mtoto mwenyewe alivyomfichia aliyemchoma. Sikumlaumu. Nilimwambia, mimi ndiye. Akakunja ncha ya kanga. Halafu akasema alimpa vidonge vya maumivu vya duka la mtaani, vya njano, tangu juzi, kutwa mara tatu. Aliogopa watamgombeza.

Nikamwita Felista. Shangazi akarudia mwenyewe. Felista akaandika, akaenda kumtafuta daktari, anatembea upesi kama nilivyomfundisha, bila kukimbia. Mlangoni aligeuka. "Asante, sista."

Mama muuza vitumbua amekuja mchana. Amesema nyumba imefagiwa, funguo anazo yeye, pipa limefunikwa kwa bati na jiwe juu. Makopo ya maua yamelazwa kifudifudi barazani. Sijui nani aliyeyalaza, mimi nilimwambia Bosko tu, na Bosko hajafika. Akaweka chupa ya uji kwenye kabati.

Nikamwuliza ni wa nani.

"Ni mfiwa. Ameuacha jikoni kabla hawajaenda stendi. Hajaacha neno."

Sijui ni jibu, au ni desturi ya mtu asiyependa kuacha unga wa mwenyeji nusu. Sitalijua. Daktari ameniruhusu kikombe kimoja. Nimefungua chupa, mvuke umetoka. Ni ule ule, mwepesi, chumvi kidogo sana.

Nakunywa polepole. Binti wa Mpitimbi amelala, chandarua kimeshushwa, kifua chake kinapanda na kushuka.